Nyufa zipimwe kwanza, plasta baadae

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi gazetini kwako, najua barua ni ndefu lakini hili jambo limenikaa moyoni toka masika ya mwaka jana, na kila nikilisema barazani watu wananiitikia tu, kweli fundi, kweli, halafu tunarudi kwenye mpira. Ni khabari ya nyufa. Nyufa za majumba yetu hapa mjini Unguja, na si Mji Mkongwe peke yake, Ng'ambo kwenye flati zimo, kule Pemba, Wete na Chake, kwenye majumba ya ghorofa zimo. Mie ni mwashi, baba yangu alikuwa mwashi, nimeanza kukoroga chokaa na udongo kabla sijamaliza skuli, kwa hio nnayoyasema nimeyashika kwa mkono.

Nnachotaka kusema ni kimoja tu. Tuache kupaka plasta juu ya ufa ambao hatujaupima, na kwa zama hizi kuupima ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani, iko mitambo midogo unaigandisha ukutani inakupimia usiku na mchana na majibu yanakuja kwenye simu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sote tumelelewa na msemo huo. Lakini marehemu mzee wangu alikuwa hauzibi ufa siku ile aliyouona. Anachukua kipande cha kioo, kile chembamba cha fremu ya picha, upana wa vidole viwili, anakigandisha kwa tonge ya plasta huku na tonge huku, yaani kichwa kimoja kimekaa upande huu wa ufa na kichwa chengine upande wa pili, halafu anaandika tarehe kwa penseli ubavuni mwake, anachukua kapu lake anaondoka. Wenye nyumba wanakasirika, mwashi gani huyu tumemwita azibe kaja kubandika kioo. Anarudi baada ya wiki mbili, anarudi tena mwezi ukiandama. Kioo kizima, basi ufa umelala, anauziba na hela yake anachukua. Kioo kimekatika, basi nyumba inatembea, na hapo hashiki mwiko mpaka ajue inatembea kwa nini, ni boriti imeoza kichwa ndani ya ukuta, ni maji ya choo cha juu, ni msingi, au ni mtu wa jirani kabomoa kiambaza chake bila kumwambia mtu.

Maana kuta hizi zina tabia yake. Kwa nje unaona ukuta mnene, nusu mita na zaidi, unasema huu hata bomu. Ndani yake ni mawe ya matumbawe yamepangwa sura mbili, sura ya nje na sura ya ndani, na katikati kumejazwa vifusi na udongo na chokaa. Maji yakiingia juu, ile chokaa ya ndani inalegea taratibu na kushuka chini, ukuta unaanza kufanya kitumbo, sura ya nje inaiaga sura ya ndani. Na boriti za mkoko ndio zilizokuwa zikizifunga kuta mbili zishikane, vyumba vyetu vyembamba kwa sababu hio, boriti haikupi zaidi ya mita tatu na kitu. Kichwa cha boriti kikioza, ukuta haushikwi na kitu. Halafu tunakuja sisi na saruji. Chokaa ilikuwa inapumua, ukuta ukirowa masika unakauka kaskazi. Ukiupaka saruji umeuvisha koti la mvua kwa ndani, unyevu hauna pa kutokea. Nimepaka saruji kwenye kuta kama hizo na mie, nilipokuwa kijana, wenyewe walitaka na mie nilitaka hela, na najuta.

Sasa kisa kilichonifanya niandike. Nyumba nnayokaa iko Kiponda, ghorofa mbili, familia nne tumepanga. Juu ya dari kuna matangi mawili ya maji ya lita 2000. Watu hawafanyi hesabu, maji lita moja ni kilo moja, tangi moja likijaa ni tani mbili, mawili ni tani nne, ni sawa na kupandisha gari ndogo tatu nne juu ya boriti zilizolazwa kabla ya babu zetu kuzaliwa, na zimelazwa kwa ajili ya mtu kupanda kuanika nguo na kupunga upepo. Mwaka juzi ukatoka ufa pale ngazi inapokata kona, umeanzia pembe ya dirisha unateremka kwa mshazari kama ngazi, jiwe kwa jiwe. Ulikuwa mwembamba, ukucha hauingii. Nikauchora kwa penseli mwanzo na mwisho nikatia tarehe. Mwezi wa pili ulikuwa umevuka mstari wangu kwa shubiri nzima na ukucha unaingia. Nikamwambia mwenye nyumba, nikamwonesha kwa tochi. Akaniambia fundi usitie watu khofu.

Kumi la mwisho la Ramadhani akaleta fundi wake, kijana mzuri tu hana kosa, kaambiwa paka kapaka. Plasta ya saruji, rangi nyeupe, nyumba ikanukia rangi sikukuu nzima na kila aliyekuja kutupa mkono wa Idi akasifia. Mistari yangu ya penseli yote ikaenda nayo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana ufa ulikuwa unasema kitu na mie nimeshaanza kuufahamu, wakauziba mdomo.

Masika yalipokolea, usiku mmoja mvua imepiga toka magharibi, kabla ya alfajiri tukasikia kishindo. Pale kwenye kona ya ngazi kimeshuka kipande cha ukuta pamoja na dari, mawe na udongo kama mzigo wa gari mbili za punda. Bibi wa chumba cha nyuma alikuwa ndio kwanza kapita na birika lake la udhu, jiwe likampata mguuni, kakaa hospitali siku tisa na mpaka leo anakwenda kwa mkongojo. Angechelewa hatua mbili tungekuwa tunazungumza mengine. Asubuhi nikapanda kuangalia. Plasta mpya ilikuwa imebaki imening'inia nyeupe safi, imeshikana vizuri haina hata mkwaruzo, na nyuma yake ufa ulikuwa unapitisha mkono wangu mpaka kifundo.

Nikaenda kwenye ofisi moja nikaambiwa niandike barua. Nimeandika. Ni hayo tu kuhusu ofisi, sitaki barua hii iwe ya kulalamikia watu.

Kutoka hapo ndio mpwa wangu, anayesomea uhandisi, akanijia na kidude. Watu wanakiita sensa, si ile ya kuhesabiwa watu, wasomi wanasema kihisi. Ukikiona hakikutishi, ni kijifimbo cha chuma urefu wa kalamu mbili, kina miguu miwili, mguu mmoja unaufunga upande huu wa ufa na mwengine upande wa pili, nikacheka nikamwambia mwanangu hiki si ni kioo cha babu yako, akasema ndio mjomba, lakini hichi hakivunjiki na kinaandika.

Na hapo ndipo tofauti ilipo. Kioo cha mzee kinakupa jibu moja, nimehama au sijahama, na kikishakatika kimemaliza kazi. Hakikwambii kimekatika lini, usiku wa mvua au mchana wa jua, wala ufa umefunguka kiasi gani, wala kama umejirudi. Baada ya vioo kuna vile vibati viwili vya plastiki vinavyopishana, kimoja kina miraba ya milimita na kimoja kina alama ya msalaba, unasoma msalaba umehamia mraba gani. Vizuri sana na bei yake rahisi, mie navipenda, lakini lazima mtu apande ngazi akasome, na ukisoma kwa jicho huendi chini ya nusu milimita. Hichi kidude cha mpwa wangu kinasoma mpaka sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa kichwa unene wake unafika kama sehemu tano mpaka kumi za hizo, kwa hio kinajua ufa umefunguka hata kabla ya unywele kupita.

Kinajuaje? Ziko aina nyingi lakini moja ilinipendeza sana nikaifahamu pale pale kwa sababu nimekulia karibu na watu wa taarab. Ndani ya kile kijifimbo kuna waya umekazwa, kama uzi wa ganuni. Mpiga ganuni akikaza uzi sauti inapanda, akiulegeza inashuka. Basi ufa ukifunguka unauvuta ule waya, unakaza, sauti yake inapanda. Kuna sumaku ndogo ya umeme pembeni inaudonoa ule waya, halafu inasikiliza umetetema mara ngapi kwa sekunde, na kutokana na hesabu hio ndio inajua ufa umehama kiasi gani. Watu wa mabwawa wanautumia mtindo huu miaka mingi kwa sababu unadumu, na kwa kuwa kinachopelekwa ni ile hesabu ya mtetemo, hata waya wa kupeleka khabari uwe mrefu kiasi gani jibu haliharibiki njiani.

Halafu kuna kisanduku, kina betri na redio ndogo isiyokula umeme. Kinasema maneno machache tu, namba mbili tatu kila saa, kisha kinalala, ndio maana betri yake inahesabiwa kwa miaka. Redio za namna hio, ziko zinazoitwa LoRa, zinafika kilomita kadhaa pakiwa wazi, kwenye kuta zetu hizi nene zinapungua lakini bado ukiweka kipokezi kimoja juu ya dari refu unapata mtaa mzima. Kipokezi ndicho kinachoingia kwenye intaneti kwa laini ya simu kama simu yoyote. Wengine wataniuliza na umeme ukikatika jee, na wana haki ya kuuliza, tuliokaa gizani Unguja miezi mitatu toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hatujasahau. Sensa zenyewe haziombi umeme wa ukutani, kipokezi nacho unakitilia paneli ndogo ya jua, basi.

Tukakifunga kwenye ufa uliobaki, upande wa juu ambao haukuanguka. Wiki ya kwanza nilikuwa nakodolea simu kama mtoto. Nikaona mstari unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kila siku, nikapata khofu nikamwita mpwa wangu usiku, njoo nyumba inatembea. Akaniambia mjomba nyumba inapumua tu, tazama saa. Kweli, kila laasiri jua likishaupiga ukuta ufa unakaa namna moja, kila alfajiri unakaa namna nyengine, tofauti ni sehemu chache za mia. Kila kitu kikipata joto kinatanuka, hata zege, ukuta wa zege wa mita 10 ukipanda joto digrii 10 unarefuka kama milimita moja, nayo milimita moja si kidogo kwa mtu anayepima unywele. Ndio maana sensa ya maana hupima na joto pia, na ndio maana mtu akija mara moja kwa mwaka na rula yake, leo kaja adhuhuri mwakani anakuja asubuhi, vipimo vyake havisemi kitu. Kupumua si ugonjwa. Ugonjwa ni pale unapovuta pumzi usiitoe. Vuli ilipoingia, zile siku tatu za mvua mfululizo, mstari ukapanda na haukurudi pale ulipokuwa. Ulipanda kidogo mno, kwa jicho nisingeona hata ningekaa nao uso kwa uso. Tukayashusha matangi yote mawili tukayaweka uani, tunapandisha maji kwa ndoo, wanawake wamelalamika na wana haki, lakini mstari ukatulia.

Hapa niwaambie kitu waashi wenzangu na wenye nyumba, kwa sababu naona watu wanatishwa na ufa mkubwa na kuudharau mdogo. Waingereza wana jedwali lao, ufa chini ya milimita 5 wanauhesabu mdogo wa kuzibika na kupakwa rangi, 5 mpaka 15 wa wastani, 15 mpaka 25 mbaya, kupita 25 mbaya sana. Jedwali zuri kuanzia. Ila mie nishaona pale Mkunazini ufa wa kidole kizima umekaa miaka arubaini hauendi popote, nyumba ilishuka zamani ikakaa kitako ikamaliza, na nishaona ufa wa ukucha umeangusha ukuta ndani ya masika moja. Upana unakwambia nyumba imetoka wapi. Mwendo ndio unaokwambia inakwenda wapi, na mwendo huwezi kuuona kwa kutazama siku moja.

Na hawa wenye majumba ya zege wasijione wamesalimika. Flati za Michenzani zimejengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nyingi zinakaribia au zimepita miaka 50, na upepo wetu ni wa chumvi. Chumvi inapenya kwenye zege taratibu mpaka inafika kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kutu inataka nafasi kubwa zaidi ya ile chuma iliyozaliwa nayo, mara mbili, tatu na zaidi, kwa hio inaisukuma zege kutoka ndani mpaka inapasuka. Ule ufa mrefu ulionyooka unaofuata nguzo au bimu, na doa la rangi ya kahawia linalotiririka chini yake, hio ni nondo inakupigia kelele. Ukija ukaupaka plasta umeifunga kutu ndani iendelee na kazi yake kwa raha. Wanaojenga sasa hivi kwa mchanga wa pwani usiooshwa wanaanza na chumvi toka siku ya kwanza.

Beit al Ajaib sote tunaikumbuka. Ijumaa tarehe 25 Disemba 2020, jengo liko kwenye matengenezo, upande wa mbele ukashuka na mnara wa saa, watu wawili wakafa. Jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilisimama mbele ya mizinga ya Waingereza mwezi wa Agosti 1896 likabaki, na mwaka 2012 kipande cha nyuma kilikuwa kishaanguka. Nilikwenda Forodhani jioni ile, watu wamesimama kimya, wazee wanalia. Sisemi nani kakosa, sikuwemo, hilo lina wenyewe. Nnachouliza ni mbele. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO toka mwaka 2000, majengo yake tunayahesabu kwa mamia na mamia, ni mangapi leo hii yana kipimo ukutani kinachoandika, ili likianza kutembea tujue kabla ya kishindo?

Wenzetu walioumia wamejifunza. Daraja la Minneapolis kule Marekani lilianguka mtoni tarehe 1 Agosti 2007, watu 13 wakafa, lililojengwa badala yake likafunguliwa Septemba 2008 na limetiwa sensa zaidi ya 300 ndani yake toka linajengwa. Siku hizi hata setilaiti za rada zinaweza kuona mtaa unashuka milimita kadhaa kwa mwaka, ingawa kwa ufa mmoja wa ngazi ya Kiponda hazitakusaidia, kwa huo unataka kidude kilichogandishwa pale pale.

Lakini Mhariri, hapa ndipo penye uzito na naomba wasomaji wasipapite mbio. Sensa haiokoi mtu. Anayeokoa ni mtu atakayeusoma ujumbe na akawa na ubavu wa kusema tokeni. Kule Bangladesh, jengo la Rana Plaza, nje ya Dhaka, nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013, kwa macho, hazikutaka mtambo wowote. Benki iliyokuwemo humo ikawatoa wafanyakazi wake siku hio hio. Wenye viwanda vya nguo vya juu wakawaambia watu wao warudi kazini kesho yake. Asubuhi ya tarehe 24 umeme ukakatika, majenereta yakawashwa, jengo likaporomoka, watu 1,134 wakafa. Jengo moja, ufa ule ule, walioambiwa tokeni wamezeeka na watoto wao. Na hapa kwetu nchini, Dar es Salaam, jengo liliporomoka Machi 2013 wakafa watu 36, Novemba 2024 mji huo huo, Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Kila mara baada ya vumbi kutulia utasikia mtu anasema nyufa tulikuwa tunaziona.

Kwa nini hatusemi mapema? Nakaa na wapangaji, najua. Mpangaji akiona ufa anausogezea kabati. Nimeingia nyumba ngapi nikaambiwa hapa hamna kitu fundi, nasogeza kabati nakuta mkono unapita. Hasemi kwa sababu akisema ataambiwa nyumba haifai hama, atahama aende wapi na kodi za mji huu, na akishatoka nyumba ikitengenezwa hairudi kwake, inakuwa hoteli. Mwenye nyumba nae hasemi kwa sababu chokaa na boriti na waashi wanaozijua ni ghali, na akisema anakhofia kuzuiliwa hiki na kile. Basi kila mtu kamficha mwenzake na nyumba imetuficha sote. Mtu akileta mitambo bila kulitatua hili, mitambo itasogezewa kabati vile vile.

Kwa hio nnaomba, na naomba kwa heshima. Vipimo viwekwe, vikianzia kwenye nyumba ambazo zinajulikana ni mbovu na watu wamo ndani, si kwenye majengo ya kupigia picha peke yake. Vianze hata na vile vibati vya plastiki, mtoto wa skuli anaweza kufundishwa kuvisoma. Wanafunzi wa chuo kikuu chetu cha SUZA na wa Taasisi ya Karume pale Mbweni wapewe kazi ya kutengeneza vile vya redio, vifaa vyake vinapatikana na vichwa vyao vinaweza, mpwa wangu kakiunganisha juu ya meza ya kulia chakula. Kila kipimo kiwe na kiwango chake, kikifika hapa fundi aje, kikifika hapa watu watoke, na kiwango hicho kiandikwe kabla, usiku wa mvua si wakati wa kukaa kikao. Namba ya mtu wa zamu iandikwe mlangoni, mtu mwenye jina, si ofisi. Aliyetolewa kwa ajili ya usalama wake apewe karatasi ya kurudi nyumba ikitengemaa, bila hio karatasi hakuna atakayekubali kusogeza kabati lake. Na majibu waoneshwe wanaokaa ndani, hio nyumba ni vichwa vyao.

Mwenye nyumba wangu, niseme na zuri lake, alipoona ule mstari kwenye simu hakunibishia tena. Kaleta mbao za kuegemeza, kaanza kutafuta boriti, anasema Inshallah baada ya Idi hii waashi wataingia, na safari hii kanambia mie ndio nisimamie na itakuwa chokaa. Tunangoja.

Ijumaa iliopita nimeuchora tena kwa penseli, maana sijaacha tabia ya mzee. Ncha ya ufa haijauvuka mstari wangu wa Shaabani, vidole vitatu chini ya dirisha, na kile kijifimbo kipo juu yake kinaandika. Mwandishi wako akitaka kuja kuona aje baada ya laasiri, jua linapoupiga ule ukuta, nitamshikia ngazi mwenyewe.

Wako,
Mwashi wa Kiponda,
Unguja.